Kwa Nini Watoto wa Awali Hucheza Senene Darasani

Mwezi wa Novemba uliopita, mvua za vuli zilipokuwa zimekolea hapa Kishanda, nilikwenda mara kwa mara asubuhi, katika saa ambazo sikuwa na kipindi, kuketi katika darasa la awali la shule ya msingi iliyo jirani nasi. Walimu wenzangu walinitania kwamba nimeanza masomo upya. Wanafunzi wawili wa Kidato cha Pili waliotumwa kule na barua walinichungulia, wakaniona nimeketi juu ya kigoda, nimeshika kopo tupu, nauziwa vipande vya majani makavu ya mgomba. Walicheka sana. Hawakujua kwamba nilikuwa kazini. Leo nataka kuwaelezeni, wasomaji wa gazeti letu, na hasa ninyi wazazi, kazi hiyo ilikuwa nini, na kwa nini mchezo ule wa watoto wadogo ni somo kubwa la lugha.

Kwanza niseme kilichonipeleka. Mimi hufundisha Kiswahili na Kiingereza. Kila mwaka hupokea Kidato cha Kwanza, na kila mwaka huona jambo lile lile. Vijana waliokuwa wasemaji hodari katika shule za msingi, waliojibu maswali kwa Kiswahili safi, hunyamaza ghafula kama maji ya mtungini, kwa kuwa masomo sasa ni kwa Kiingereza. Ukiwauliza swali, huinamisha vichwa. Si kwamba hawajui, bali waogopa kuchekwa. Nikajiuliza kama kunyamaza huku ndiko kwa kwanza maishani mwao. Bila shaka siko. Wengi wao walipokuwa na umri wa miaka mitano walitoka katika kibanja cha mama zao wakisema Kihaya tu, wakaingia katika darasa ambamo mwalimu alisema Kiswahili. Huo ndio mlango wa kwanza. Nikaona vema niende mlangoni nikatazame watoto wanavyoingia.

Tena nilikuwa na sababu yangu mwenyewe. Nilipokuwa mdogo, katika shule ambayo siitaji jina, nilivikwa kipande cha mbao shingoni kwa kosa la kusema Kihaya. Niliyemkuta baada yangu akisema Kihaya ndiye niliyepaswa kumvika. Kibao kile kilinifundisha mambo mawili: kunyamaza na kupeleleza wenzangu. Kiswahili hakikunifundisha. Kiswahili nilikipata sokoni na uwanjani, katika mpira na katika mabishano.

Yafaa tukumbuke kwamba darasa la awali si jambo la anasa katika nchi yetu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali kuwa sehemu ya elimu rasmi, na sera ya mwaka 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa sehemu ya elimu ya lazima. Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 ulitaka watoto wajifunze kwa michezo, na darasa liwe na kona mbalimbali: kona ya nyumbani, kona ya duka, na nyinginezo. Lakini kuandika kona katika kitabu ni rahisi kuliko kuipata darasani. Darasa nililoketi lina watoto zaidi ya sitini, mwalimu mmoja, madawati yasiyotosha, na ukuta ambao mvua yaupiga kutoka upande wa ziwa.

Siku ya kwanza nilimkuta mwalimu na kitabu kizuri chenye picha za rangi, kilichokuja katika sanduku la vitabu vya msaada. Kilikuwa kitabu cha majira ya baridi ya Ulaya. Watoto wenye makoti manene na glovu walikuwa wakifinyanga mtu wa theluji, pua yake karoti. Mwalimu alifundisha kwa bidii. Alisema, "Hii ni theluji." Watoto wakajibu kwa sauti moja, "Hii ni theluji!" Aliwaambia waigize wanavaa koti, wanatetemeka, wanatembea juu ya theluji. Wachache walitetemeka kwa kumwiga mwalimu, na wengine walitazama mvua. Alipouliza, "Theluji ni nini?" walijibu kwa sauti kubwa zaidi, "Theluji ni nini!" Neno lilikuwa midomoni mwao, lakini halikuwa na mahali pa kukaa.

Kosa halikuwa la kitabu. Mchezo ule una maana kubwa kwao waliouanzisha. Dunia imeinama kidogo katika mzunguko wake, kwa nyuzi 23 na nusu hivi, kwa hiyo nchi za kaskazini kwa miezi kadhaa hupata jua la ubavuni na siku fupi. Katika mji wa Helsinki, siku zilizo fupi kabisa za Desemba, mchana haufiki saa sita. Sisi tulio takriban nyuzi mbili tu kusini mwa Ikweta, mchana wetu na usiku wetu hulingana karibu mwaka mzima. Majira yetu hayaletwi na urefu wa mchana, huletwa na mvua. Basi kule kaskazini walimu wa watoto wadogo huweka darasani kona ya majira ya baridi. Pamba huwa theluji, boksi huwa kibanda cha barafu, na watoto hucheza kuvaa: kwanza soksi, kisha suruali nzito, kisha mabuti, koti, kofia, na mwisho glovu, kwa maana ukivaa glovu kwanza huwezi kufunga vifungo. Mtoto mgeni, hata yule ambaye wazazi wake walitoka Afrika Mashariki wakahamia kule, hujifunza maneno hayo upesi, kwa sababu kila asubuhi mwili wake wayahitaji. Asipoelewa "glovu" vidole vyake vitauma. Mchezo wafundisha kwa kuwa umekaa juu ya maisha.

Kwetu maisha hayo hayapo. Lakini katika ukurasa wa tano wa kitabu kile palikuwa na picha ya usiku: taa ya barabarani, na vipande vyeupe vingi vikishuka kutoka juu katika mwanga wake. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akaruka, akapiga kelele kwa Kihaya, "Ensenene!"

Darasa zima likaamka. Wote wakasema pamoja, wengine wakionyesha kwa mikono namna ya kukamata. Na kweli, ukiitazama picha ile kwa macho ya mtoto wa Muleba, kitu gani kingine hushuka usiku kwa wingi katika mwanga wa taa? Mwalimu angeweza kuwanyamazisha aendelee na theluji yake. Badala yake alifunga kitabu, akafikiri kidogo, akasema, "Haya. Kesho tutacheza senene."

Kwa wasomaji wetu wanaotoka mikoa mingine, nieleze kidogo. Senene ni mdudu wa jamii ya panzi, wa kijani au wa kahawia, ambaye huja kwa makundi makubwa wakati wa mvua, hasa Novemba na Desemba, na tena kwa uchache mnamo Aprili na Mei. Usiku hufuata mwanga. Zamani watu waliwaokota majanini alfajiri, umande ukiwa bado haujakauka. Siku hizi wafanya biashara huwasha taa kali za umeme, wakasimamisha mabati yanayong'aa, senene wakagonga bati na kuteleza hadi ndani ya pipa. Kisha hunyonyolewa mabawa na miguu, huoshwa, hutiwa chumvi, hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Hakuna nyumba ya Mhaya isiyojua harufu ile. Kwetu sisi senene ndio majira.

Kesho yake kona ilikuwa tayari. Boksi lililokunjuliwa lilikuwa bati. Ndoo iliyotoboka ilikuwa pipa. Chupa ya plastiki iliyofungwa juu ya mti ilikuwa taa. Majani makavu ya mgomba yaliyokatwakatwa yalikuwa senene wa kahawia, na mabichi yalikuwa wa kijani. Mawe matatu yalikuwa mafiga, na kopo la rangi lililooshwa lilikuwa sufuria. Mwalimu alikuwa amechagua maneno sita tu ya siku ile, wala hakuzidisha: kamata, nyonyoa, osha, kaanga, uza, bei gani. Aliwagawa watoto makundi manne. Kundi moja lilicheza huku matatu yakichora, kuhesabu vijiti na kufinyanga udongo, kisha wakabadilishana. Hivyo ndivyo mtu mmoja awezavyo kuwaongoza watoto sitini.

Lakini jambo lililonifungua macho lilikuwa hili. Watoto walipoanza kucheza, walicheza kwa Kihaya kitupu, na kwa haki, maana hiyo ndiyo lugha ya senene. Mwalimu hakumkataza hata mmoja. Alitoka nje, akajitanda kitenge, akachukua mkoba, akabisha hodi. "Hodi hapa! Mimi ni mgeni, nimetoka Mwanza. Nimesikia hapa pana senene. Lakini Kihaya sikijui." Watoto walimtazama. Walijua vizuri kwamba ni mwalimu wao, na walijua vizuri kwamba sasa ni mgeni wa Mwanza. Mmoja akasema, "Karibu." Mwingine akasema, "Senene iko hapa." Biashara ikaanza. Kiswahili sasa kilikuwa na kazi: kumwuzia mgeni ambaye asingeelewa lugha nyingine.

Katika darasa hilo alikuwapo mvulana mmoja ambaye nitamwita mtoto wa dirishani, kwa kuwa hapo ndipo alipoketi siku zote. Tangu alipoandikishwa mwezi wa Julai hakuwa amesema neno lolote darasani, wala la Kiswahili wala la Kihaya. Akiitwa jina, alisimama tu. Katika daftari mtu mmoja alikuwa ameandika kando ya jina lake neno moja: "mzito". Jina lake lilikuwa katika orodha ya watakaorudia mwaka. Analelewa na bibi yake. Nilipomkuta bibi huyo njiani, nikamwamkia na kumwuliza habari za mjukuu wake, alinicheka. "Mzito?" alisema kwa Kihaya. "Huyo hunisimulia hadithi mpaka nalala mimi kwanza."

Siku ya pili ya mchezo mtoto wa dirishani alikuwa jikoni, akikoroga kopo lake kwa kijiti, kimya. Mgeni wa Mwanza alifika mafigani, akanyosha mkono achukue senene sufuriani. Mtoto akausukuma mkono ule, akasema kwa sauti kubwa:

"Bado! Hazijaiva!"

Darasa likanyamaza. Mimi nilitaka kupiga makofi, lakini mwalimu alinitupia jicho, nikatulia. Hakumsifu, wala hakumwambia arudie. Alibaki mgeni yule yule. "Kumbe hazijaiva? Basi nitangoja. Zitaiva lini?"

Mtoto akatazama kopo, akakoroga. "Sasa hivi. Kaa."

Mgeni akakaa chini.

Tulitazame neno lile "hazijaiva" kama tunavyochambua maneno darasani kwetu. Mna "ha" ya kukanusha, "zi" ya kupatana na senene wengi walio chakula, "ja" ya jambo ambalo halijawa lakini latazamiwa, na mzizi "iva". Ni vipande vinne vilivyopangwa kwa utaratibu wake bila kosa. Tena wengi wetu senene akiwa hai husema "anaruka", lakini akiwa sufuriani husema "zinaiva", na mtoto yule alilijua hilo. Je, alijifunza yote kwa siku mbili? La. Alikuwa akiyasikia tangu Julai. Wataalamu wa lugha wanajua kwamba wengi wajifunzao lugha ya pili, hasa watoto, hupitia kipindi cha kunyamaza, na katika kipindi hicho hukusanya maneno. Mtoto anyamazaye si debe tupu. Huenda ni debe lililojaa, lisilo na mahali pa kumiminia.

Tena Kihaya hakikumzuia, bali kilimsaidia. Anayesema "omuti" na "emiti", "ekintu" na "ebintu", tayari ana kichwani mwake utaratibu wa mti na miti, kitu na vitu. Nyumba imekwisha kujengwa, yabaki kubadili milango. Zipo sauti zitakazomtaabisha, kama "dh" na "gh", na zipo "l" na "r" ambazo sisi Wahaya huzichanganya mpaka uzeeni. Mtoto mmoja alisema, "Mimi nataka kura senene." Mwalimu akajibu, "Unataka kula senene? Karibu, tule pamoja." Hakusema "umekosea". Alimrudishia sentensi yake ikiwa imenyoka, mchezo ukaendelea. Mtoto hakuona aibu, lakini sikio lilisikia.

Sasa nieleze kwa nini mchezo hufanya kazi hii. Kwanza, mchezo humpa mtoto sababu ya kusema. Swali la mwalimu, "Hii ni nini?", si swali la kweli, maana mwalimu mwenyewe anajua. Lakini mgeni akitaka kula senene mbichi, lazima azuiwe. Pili, mchezo hurudia maneno bila kuchosha. Katika nusu saa nilihesabu "Bei gani?" zaidi ya mara ishirini, wala hakuna aliyepiga miayo. Tatu, neno huingia pamoja na mkono: anayesema "nyonyoa" vidole vyake vinanyonyoa. Nne, kuna utaratibu wa mambo. Kama watoto wa kaskazini wasemavyo "kwanza soksi, kisha mabuti", wetu walisema "kwanza nyonyoa, kisha osha, halafu kaanga". Hapo mtoto anajifunza kupanga masimulizi, na huo ndio msingi wa insha ambayo atatuandikia akifika kwetu.

Jambo la tano ndilo kubwa kuliko yote, na wazazi naomba walisikilize. Mtaalamu wa elimunafsia wa Urusi, Lev Vygotsky, aliyezaliwa mwaka 1896 na kufa mwaka 1934, alieleza kwamba mtoto anayepanda kijiti na kukiita farasi anafanya kazi kubwa ya akili. Anaachanisha kitu na maana yake. Jani si senene, lakini amekubaliana na wenzake kwamba ni senene, naye anaishika ahadi hiyo mpaka mwisho wa mchezo. Sasa fikirini, herufi ni nini? Mstari uliochorwa si sauti, lakini tumekubaliana kwamba ni sauti. Mtoto aliyezoea kusema "boksi hili ni bati" amekwisha kuanza njia ya kusema "alama hii ni a". Kwa hiyo mchezo ule hauchelewishi kusoma. Ni hatua ya kwanza ya kusoma. Friedrich Fröbel wa Ujerumani, aliyefungua mahali pake pa kulelea watoto kwa michezo mwaka 1837, aliona vilevile kwamba mchezo ni jambo kubwa katika makuzi ya mtoto.

Wiki mbili baadaye mwalimu alikirudia kitabu cha theluji. Nilishangaa, nikadhani ameshindwa kuacha. Lakini safari hii alileta mfuko wa barafu kutoka katika jokofu la dukani. Akampa kila mtoto kipande kidogo mkononi. Wakaruka! Mmoja akasema, "Inauma!" Mwingine, "Inachoma!" Mwingine akapuliza mkono wake kama aliyeshika kaa la moto, akasema, "Baridi! Baridi sana!" Ndipo akafungua ukurasa wa taa ya barabarani. "Hizi si senene. Hii ni baridi inayoanguka kutoka juu. Jina lake ni theluji." Watoto wakaangalia picha, wakaangalia viganja vyao vyenye maji. Sasa lile neno lilikuwa na mahali pa kukaa.

Nilipotazama haya nilikumbuka habari ambayo wanafunzi wetu huisoma katika historia. Tarehe 11 Mei mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann, akisafiri kutoka pwani kwenda Uchaga, aliona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro. Kwanza alidhani ni wingu. Alipomwuliza kiongozi wake wa safari jina la weupe ule, alijibiwa neno moja tu: baridi. Wataalamu wengine wa jiografia huko London walikataa kwa miaka mingi kwamba pana theluji karibu na Ikweta. Lakini yule kiongozi alikuwa na ujuzi wa kweli, akaupa jina kwa namna mwili unavyoujua. Watoto wa Kishanda walifanya vilevile. Maneno "theluji" na "barafu" yenyewe ni wageni katika Kiswahili. La kwanza lilitoka kwa Waarabu, na la pili kwa Waajemi na Wahindi. Lakini "baridi" lilikwisha zoeleka ulimini, na juu yake ndipo hayo mengine yalipokaa. Ndiyo njia ya kujifunza kila lugha: huanzia unapopajua, ukaenda usipopajua.

Mwishoni mwa Novemba palikuwa na mkutano wa wazazi. Mzee mmoja alisimama, akamheshimu mwalimu kama desturi yetu ilivyo, akasema, "Mwalimu waitu, mjukuu wangu akirudi nyumbani namwuliza amejifunza nini, aniambia wamekaanga senene. Senene twakaanga sisi nyumbani. Tulimleta asome." Watu wengi walitikisa vichwa kumwunga mkono, wala mzee hakuwa na neno baya. Kwake shule ni ubao na chaki, kwa sababu kwa chaki ndipo watu wake wengine walipopata kazi na kuinua nyumba zao. Anayeogopa mjukuu wake aachwe nyuma ana haki ya kuuliza.

Mwalimu hakubishana. Alimwita mtoto wa dirishani, ambaye bibi yake alikuwa ameketi nyuma kabisa. Akamwuliza kwa Kiswahili, "Tueleze, senene hukaangwaje?" Mtoto alinyamaza kwa muda ambao mimi niliuona mrefu sana. Nikahofu kwamba mwalimu amekosea kumwita mbele ya watu wazima. Kisha mtoto akasema, akiitazama sakafu, "Kwanza tunanyonyoa mabawa. Halafu miguu. Halafu tunaosha. Halafu tunakaanga." Akakaa kidogo, akaongeza, "Bibi haweki mafuta. Zina mafuta yake." Mzee yule akaguna, akasema kwamba mtoto amesema kweli. Bibi hakuelewa kila neno, lakini alielewa aliyekuwa akisema, akajifuta macho kwa pembe ya khanga yake.

Sitaki kuwadanganya. Mtoto yule hakugeuka msemaji kwa siku moja. Siku nyingi bado hunyamaza, na kusoma kwake ndiko kunaanza tu. Lakini jina lake liliondolewa katika orodha ya watakaorudia, na mwaka huu yuko darasa la kwanza. Lile neno "mzito" lilifutwa. Naogopa nikifikiri ni watoto wangapi waliowahi kuandikiwa neno kama hilo, ambao hakuna mgeni wa Mwanza aliyewafikia jikoni.

Nami nilirudi na funzo langu. Januari hii, Kidato cha Kwanza walipoinamisha vichwa, sikuanza na kanuni za sarufi. Tulipanga madawati yakawa kituo cha mabasi cha Muleba. Wengine walikuwa wapiga debe, wengine abiria, na mimi nilikuwa msafiri mgeni asiyejua lugha yoyote ila Kiingereza, aliyepoteza mzigo wake. Siku ya kwanza walicheka tu. Siku ya tatu msichana wa nyuma kabisa, ambaye sikuwa nimesikia sauti yake, aliniuliza kwa Kiingereza mzigo wangu ulikuwa wa rangi gani. Sentensi yake ilikuwa na kosa moja. Nilimjibu rangi ya mzigo.

Basi, wazazi wapenzi, nawaombeni mambo machache. Zungumzeni na watoto wenu Kihaya kingi na kizuri, wapeni hadithi na vitendawili jioni, maana lugha ya kwanza ikiwa na nguvu ndiyo inayobeba ya pili. Msiwacheke wanapovunja Kiswahili. Mkiwaona wamegeuza boksi kuwa gari, msilitupe mpaka safari yao iishe. Nanyi wanafunzi wetu mlio na wadogo zenu nyumbani, siku za likizo waulizeni wamecheza nini, kisha mwombe kucheza nao, mkiwa wageni wasiojua chochote. Na ikiwa mtawakuta na kopo juu ya mafiga, msichukue kabla ya kuuliza kama zimeiva.